Darasa Lililo Kimya Si Darasa Linalojifunza

Yapo malalamiko ambayo kila kizazi cha walimu hukirithisha kizazi kinachofuata, nayo ni kwamba wanafunzi wa siku hizi hawasomi. Katika vyumba vya walimu, katika vikao vya wazazi na hata katika ofisi za Serikali maneno ni yaleyale: vijana hawatulii, hawasikilizi, akili zao ziko kwenye simu na bodaboda, na mwalimu akigeuka tu kuandika ubaoni, nusu ya darasa imekwisha kusafiri kwa mawazo. Malalamiko haya yana ukweli ndani yake, wala haifai kuyapuuza. Lakini yakirudiwa kila siku bila kuchunguzwa, hugeuka kuwa kichaka cha kujifichia. Hapana budi sasa liulizwe swali lililo gumu zaidi: huyo mwanafunzi anayesinzia amepewa kazi gani ya kufanya humo darasani?

Swali hilo ni vyema liulizwe kwa kutazama mahali hasa, maana elimu haitolewi hewani. Kata ya Rhotia iko katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, kando ya barabara kuu itokayo Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuelekea Karatu mjini na lango la Ngorongoro. Wananchi wake wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji hodari, wanaolima mahindi, maharage, ngano, mbaazi na ngwara. Kila siku magari ya watalii hupita mbele ya macho ya watoto wa Rhotia, yakibeba watu waliovuka bahari ili waje kuitazama nchi ambayo watoto hao wamezaliwa ndani yake. Mtoto huyu husikia lugha nyingi, huona simu za kila namna, na huwaona kaka zake wakipata fedha ya haraka barabarani. Hawezi kuambiwa kuwa hajui kitu. Anajua mengi, ila ajuayo huyaacha nje ya mlango wa darasa, kwa sababu mara nyingi hakuna anayemwuliza.

Jina la Rhotia lilitajwa nchi nzima kwa huzuni tarehe 6 Mei, 2017, pale basi lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha lilipotumbukia korongoni katika eneo hilo. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walipoteza maisha. Watoto wale walikuwa njiani kwenda kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa Karatu. Taifa zima liliomboleza, na wananchi wa Rhotia walijitokeza kuokoa. Msiba ule haukuhitaji maneno mengi wakati ule, na hauyahitaji leo. Uliwakumbusha watu wote jambo moja: mtoto anapotoka nyumbani asubuhi kwenda kusoma, mzazi ameikabidhi jamii amana isiyo na bei. Wajibu wa kuilinda amana hiyo hauishii barabarani. Unaendelea hadi ndani ya darasa, ambamo saa za mtoto zaweza kutumika vyema au kupotea bila mtu kutoa machozi.

Mwelekeo wa nchi hii kuhusu jambo hili haukuanza jana. Machi 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba elimu ya Tanzania lazima imjengee kijana mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na yale wafanyayo wengine, akiyapima na kuyakubali au kuyakataa kwa kadiri ya mahitaji yake, na imani juu ya nafsi yake kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Mambo hayo matatu hayawezi kuingia katika kichwa cha mtoto kwa njia ya kunakili ubao. Hakuna aliyepata kujifunza kudadisi kwa kunyamazishwa, wala kujiamini kwa kuchekwa kila akosapo jibu. Kwa hiyo mwalimu anayejivunia darasa lililo kimya kama kaburi, na mkuu wa shule anayemsifu kwa ukimya huo, wote wawili wanaendesha shule ya kikoloni chini ya bendera ya Tanzania huru. Shule ya mkoloni ilihitaji makarani watiifu. Taifa hili linahitaji watu wanaofikiri.

Ni kweli kwamba mzigo wa walimu ni mzito, na kusema vinginevyo ni dhuluma. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kuwa elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, mwaka uleule kilipozaliwa Chama Cha Mapinduzi. Milango ikafunguliwa, madarasa yakafurika, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa kuwa walimu kwa mafunzo ya papo kwa papo vijijini, yakisaidiwa na redio na masomo kwa njia ya posta. Jambo hilo lilirudia tena baada ya ada kufutwa kwa ajili ya utekelezaji wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, na kwa mara nyingine baada ya elimu bila malipo kuanza 2016. Kila mara wananchi waliitikia kwa moyo mkunjufu, na kila mara idadi ya watoto ilizidi idadi ya madawati, vitabu na walimu. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, lakini walimu wengi wanakijua kiwango hicho kwa kukisoma tu.

Pamoja na hayo, wingi wa watoto haujawahi kuwa sababu ya kutosha ya kuwafanya wasifikiri. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vijijini, kila kikundi na kiongozi wake, kitabu chake na redio yake. Hawakuishia kusikiliza. Kipindi kilipokwisha, walijadili yale waliyosikia, wakayalinganisha na hali ya kijiji chao, kisha wakaamua la kufanya na kwenda kulifanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani kandokando ya nyumba, kufukia madimbwi. Wengi wao hawakuwa wamepata kukaa darasani. Mwalimu wao alikuwa ni sauti moja tu kutoka Dar es Salaam, isiyoweza kumwona yeyote kati yao. Hata hivyo walijifunza, kwa kuwa utaratibu wenyewe uliwalazimisha kusema na kutenda. Ikiwa sauti ya redio iliweza kuwashughulisha watu milioni 2, mwalimu aliye hai mbele ya wanafunzi 80 hana sababu ya kukata tamaa.

Gharama ya kutofanya hivyo inajulikana. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010, uliowapima watoto majumbani mwao, ulionyesha kuwa takriban watoto watatu tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, kama yalivyotangazwa kwanza Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, kiasi kwamba Serikali ililazimika kuunda tume na matokeo yakapangwa upya. Hatua zilichukuliwa, ukiwemo mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa madarasa ya kwanza na ya pili ulioanza 2015. Lakini fundisho la miaka ile halipaswi kusahauliwa. Watoto wale hawakutoroka shule wote. Wengi walikuwamo darasani, wamekaa, wamenyamaza, na madaftari yao yamejaa maandishi.

Anayetaka kujua chanzo cha mambo hayo na aketi nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja. Mwalimu anaeleza, kisha anauliza, “Tumeelewa?” Darasa zima linajibu kwa sauti moja, “Ndiyooo!” Mwalimu anaendelea. Itikio hilo halina maana yoyote. Mtoto aliyeelewa amejibu, asiyeelewa amejibu, na yule aliyekuwa amelala ameamshwa na kelele naye akajibu. Au mwalimu anauliza swali lenyewe, mikono mitatu minne inanyooshwa mstari wa mbele, mmoja anatoa jibu, anapigiwa makofi, na somo linasonga mbele. Watoto 4 wamesoma na 76 wamehudhuria. Kesho yake, wale 76 watalaumiwa kwamba ni kizazi kisichopenda shule.

Mbinu za kuvunja hali hiyo zipo, hazihitaji fedha ya kigeni, na walimu wengi hodari wanazitumia kimyakimya pasipo kusifiwa na mtu. Ya kwanza ni kumpa kila mtoto nafasi ya kusema kabla ya yeyote kujibu mbele ya wote. Hesabu yake ni nyepesi. Katika kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 80, ikiwa kila mmoja atasema peke yake, atapata nusu dakika, na mwalimu hatapata hata sekunde moja. Lakini mwalimu akiuliza swali na kuagiza kila mtoto amweleze jirani yake wa dawati analofikiri, kwa dakika mbili tu, watoto 40 watakuwa wanasema kwa wakati mmoja na 40 wanasikiliza, kisha watabadilishana. Baada ya hapo mwalimu amchague yeyote, hata wa dawati la mwisho kabisa, aeleze walichokubaliana. Mtoto anayejua kwamba huenda akaitwa, na ambaye amekwisha kulijaribu jibu lake kwa mwenzake, hasinzii. Kelele itakuwapo, naam, lakini ni kelele ya kazi, kama ile ya mafundi wajengao nyumba.

Ya pili ni kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichapisha mwaka 1974 matokeo ya uchunguzi wake katika madarasa ya sayansi. Aliona kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kwa wastani sekunde moja tu, kisha hulijibu mwenyewe au humwita mwingine. Walimu walipozoeshwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Jambo hilo lina uzito wa pekee huko Rhotia, ambako mtoto mdogo hulisikia swali kwa Kiswahili, hulifikiri kwa Kiiraqw, kisha hutafuta maneno ya kulijibia kwa Kiswahili. Kumnyima sekunde hizo tatu ni kumhukumu kuwa mjinga wakati angali anatafsiri.

Ya tatu ni kulifungua somo kwa jambo la mahali pale. Mtoto wa Rhotia hunakili daftarini maana ya Bonde la Ufa, akaikariri kama dua, ilhali kila gari linalotoka kwao kwenda Mto wa Mbu linashuka ukingo wa bonde hilohilo. Hukariri mwaka 1959, ambapo Mary Leakey aligundua fuvu la kale la Zinjanthropus kule Olduvai, bila kuelezwa kwamba Olduvai iko ng’ambo tu ya milima anayoiona upande wa magharibi. Husomeshwa mmomonyoko wa udongo kwa mchoro wa kitabuni, na huku nje ya uwanja wa shule mvua ya masika inakata makorongo katika ardhi nyekundu ya baba yake. Mwalimu mwenye bidii atawatoa watoto nje kabla ya masika, wapime korongo kwa kamba yenye mafundo, urefu, upana na kina, waandike vipimo hivyo, kisha wapime tena mvua zikiisha. Hapo kuna hesabu, jiografia na sayansi, na mwisho kuna insha ya Kiswahili ambayo kila mtoto ana la kuandika ndani yake. Tena kuna kazi ya kufanya, maana darasa lililopima korongo litauliza lenyewe namna ya kulizuia, na wazee wa Kiiraqw wanayo elimu kongwe ya kutunza udongo kwa matuta na samadi ambayo yafaa waalikwe kuja kuieleza shuleni.

Vivyo hivyo na hesabu. Kila mkulima wa Karatu anaijua lumbesa, ule ujazo wa gunia lililoshindiliwa hadi likapandishwa kichuguu. Gunia likisemwa kuwa ni la kilo 100, na kumbe limefikia kilo 130, mkulima mwenye magunia 20 amepunjwa kilo ngapi? Mtoto atakayekokotoa kuwa ni kilo 600, yaani magunia sita kamili ya jasho la wazazi wake, hataiona hesabu ya kuzidisha kuwa ni adhabu. Ataipeleka nyumbani jioni na kumwonyesha baba. Pale elimu imerudi kuwa silaha ya mnyonge, kama ilivyokusudiwa.

Ya nne ni kazi ya vikundi iliyo ya kweli. Kuna vikundi vya jina tu, ambamo mtoto mmoja anaandika na watano wanamtazama. Kikundi cha kweli kina watoto watano au sita, kila mmoja na wajibu wake: kiongozi, katibu, mtunza muda, msemaji, na wa kuuliza maswali, na nyadhifa hizo hubadilishwa kila juma ili mnyamavu wa leo awe msemaji wa kesho. Aidha, zipo sanaa za Kiswahili zilizobuniwa kwa kazi hiihii. Marehemu Mathias Mnyampala aliipa nchi hii ngonjera, mashairi ya kujibizana, na kwa miaka mingi shule ziliyatumia kufundishia siasa na uraia. Leo ngonjera imebaki kuwa pambo la kuwapokelea wageni wa heshima. Hakuna kinachozuia darasa la sita kutunga ngonjera baina ya mkulima na mfugaji, au baina ya msitu na shoka, na kujifunza humo zaidi ya waliyonakili kwa mwezi mzima.

Ya tano, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, ni kumtambua mtoto aliyeachwa nyuma. Mtundu wa darasa, yule anayewachokoza wenzake na kuchungulia dirishani, mara nyingi ni yule asiyeweza kusoma yaliyoandikwa ubaoni. Utundu ni pazia analofunikia aibu yake. Huko India, shirika la Pratham limewapanga watoto kwa muda fulani wa siku kwa kufuata kile wanachokiweza, bila kujali darasa walilomo, na wengi waliokuwa wamekata tamaa wakajua kusoma. Hapa nchini mwalimu anaweza kutenga nusu saa kwa siku kwa kazi kama hiyo, akisaidiwa na wanafunzi wa madarasa ya juu. Mwanafunzi wa darasa la saba anayemfundisha wa darasa la tatu naye pia hujifunza upya.

Baadhi watauliza, na fimbo je? Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: adhabu ya viboko hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika daftari lake. Hakuna kanuni yoyote inayomruhusu mwalimu kuingia na fimbo darasani na kumchapa mtoto kwa kukosa jibu. Fimbo huleta utulivu, na hilo halibishaniwi. Lakini utulivu wa woga hufunga kinywa, na kinywa kikifungwa mwalimu hana njia ya kujua kilichomo kichwani. Kadhalika shamba la shule: chini ya Elimu ya Kujitegemea lilikusudiwa kuwa darasa la wazi, mahali pa kupima mbegu, mbolea na mavuno. Pale linapotumika kama mahali pa kuwapelekea wachelewaji na watundu, linamfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba kilimo ni adhabu. Kisha watu wazima hushangaa kuona kijana anakimbilia barabarani.

Kuhusu simu, haifai kuwa na unafiki. Wanafunzi wanakatazwa kuja nazo shuleni, na ni sawa. Lakini mwalimu anayechezea yake katikati ya kipindi amekwisha kuufuta ubao wake mwenyewe. Simu hiyohiyo, ikitumiwa kwa nidhamu, yaweza kumpa mwalimu wa Rhotia vitabu vilivyomo katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au kumwunganisha na walimu wenzake wa somo lake. Chombo hakina hatia. Kinachohukumiwa ni matumizi yake.

Liko pia suala la lugha ya kufundishia, ambalo haliwezi kukwepwa katika mazungumzo yoyote ya kweli kuhusu wanafunzi wanaonyamaza. Mtoto aliyejitahidi miaka saba kuimudu Kiswahili anafika kidato cha kwanza na kukuta masomo yote, isipokuwa machache, yanafundishwa kwa Kiingereza. Darasa lililokuwa likianza kusema linanyamaza tena. Tume ya Rais ya Elimu chini ya uenyekiti wa Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Uchunguzi wa wataalamu Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kusomea masomo mengine. Mjadala huo ungali mbichi hata baada ya sera ya elimu toleo la 2023, na utaamuliwa na vikao vinavyohusika. Lakini mwalimu wa kidato cha kwanza hawezi kungoja. Awaache wanafunzi wajadiliane kwanza kwa lugha wanayoifikiria, kisha awasaidie kulitoa jibu kwa Kiingereza, sentensi moja moja. Kuwavalisha watoto mabango shingoni kwa sababu wamesema Kiswahili katika nchi ya Waswahili ni kasumba, na kasumba haijawahi kumfundisha mtu Kiingereza.

Hadi hapa mzigo umewekwa mabegani mwa mwalimu. Haki inadai sehemu yake iwekwe pia mezani kwa watumishi wa ofisini. Mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 inazungumzia umahiri, yaani yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya. Neno hilo lilikuwamo hata katika mitaala ya mwaka 2005, na miaka karibu ishirini ikapita madarasa mengi yakiendelea kunakili. Sababu moja ni kwamba mwalimu hufanya kile anachokaguliwa. Afisa afikapo shuleni hudai azimio la kazi, andalio la somo, shajara na mahudhurio. Makaratasi yakiwa safi, mwalimu ni mzuri. Mwalimu aliyewatoa watoto nje kupima korongo, na andalio lake lina kasoro ya safu moja, huandikiwa barua. Kwa utaratibu huo hakuna mtu mwenye busara atakayethubutu kubadili mbinu.

Yafaa basi kila mthibiti ubora, kila afisa elimu kata na kila mkuu wa shule, kabla ya kufungua faili lolote, aketi nyuma ya darasa kwa kipindi kizima na kuhesabu mambo matatu: ni watoto wangapi wamesema neno lao wenyewe, wangapi wamefanya kazi waliyoifikiria, mbali na kunakili, na wangapi wameuliza swali. Hesabu hizo tatu zinaenea katika kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, na zitaeleza hali ya shule kuliko majalada kumi. Aidha, mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanayofanyika katika shule na vituo vya walimu, yasigeuzwe kuwa vikao vya kusomeana nyaraka. Mwalimu mmoja afundishe mbele ya wenzake, wenzake waseme alipofanikiwa na alipokwama, na juma lijalo afundishe mwingine.

Wazazi nao wana lao. Mtoto aliyetembea mwendo mrefu asubuhi bila kitu tumboni atasinzia saa tano hata kama mwalimu wake ni hodari kuliko wote nchini. Elimu bila malipo haikufuta wajibu wa mzazi wa kumlisha mwanawe. Katika wilaya inayovuna mahindi na maharage, debe moja la kila kaya kwa ajili ya uji na makande ya shule ni jambo linalowezekana, mradi lisimamiwe kwa uaminifu, mapato na matumizi yabandikwe mahali pa wazi, na viongozi wa vijiji wawe wa kwanza kutoa.

Na maslahi ya mwalimu, nyumba yake, stahili zake na kupandishwa kwake daraja kwa wakati, hayo ni madai halali ambayo Serikali inapaswa kuyashughulikia bila kusukumwa. Mwalimu aliyevunjika moyo hawezi kumwinua mtoto. Lakini walimu wa miaka ya Azimio la Musoma, vijana waliofundisha chini ya miti kwa posho ndogo, wameacha ushahidi kwamba moyo wa kazi hauanzi siku mshahara unapopanda. Mambo hayo mawili yaende pamoja, lisitumiwe moja kulizuia jingine.

Kizazi cha leo hakina ubaya ambao vizazi vilivyopita havikuwa nao. Kina jambo moja tu la ziada: kimezoea kuulizwa, kuchagua na kujibu, maana ulimwengu unaokizunguka humfanyia hivyo kila siku. Kikiketishwa kimya kwa saa sita, mwili hubaki darasani na akili huenda zake barabarani. Hakuna haja ya kuwaita walimu wa kigeni waje kulitibu jambo hilo. Muhula ujao kila mwalimu wa Rhotia, na wa kila kata nchini, aanze na swali moja tu kwa kila kipindi ambalo darasa zima litalijadili, na asubiri jibu. Kila afisa atakayemtembelea aulize kwanza watoto wamesema nini. Mtoto anayeketi dawati la mwisho, ambaye tangu mwaka uanze hajapata kusikia sauti yake mwenyewe ndani ya darasa, ndiye atakayekuwa shahidi wa iwapo kazi hiyo imefanyika au haikufanyika.